Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji, kutoka zamu ya usiku

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,



YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU KUHUSU MASHINE ILIYOAJIRIWA MAHALI PETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyekujaalia afya njema, nawe ukatujaalia sisi ajira, walau hadi tarehe 30 ya mwezi huu. Ni matumaini yangu kuwa u mzima, pamoja na familia yako, Bodi, na yule mshauri mwelekezi aliyetoka mbali kuja kutueleza namna tunavyofanya kazi yetu. Mimi ni mtumishi wako mdogo wa zamu ya usiku, ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha. Hunijui, na hilo kwetu ni jambo la kujivunia. Mtu wa mitambo akijulikana kwa mkurugenzi, ujue kuna siku mfumo ulilala.

Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Si utovu wa nidhamu. Nilikuandikia mara tatu kwa njia ya ndani, na barua zote tatu zikasomwa na mashine ileile, ambayo siku hizi huchambua ujumbe kabla haujafika mezani kwako. Kila mara nilijibiwa ndani ya sekunde moja, kwa adabu kuliko hata hii ninayojitahidi nayo hapa, kwamba ujumbe wangu umepokelewa na kupangwa katika kundi la "kelele zinazojirudia". Sikukasirika. Imefundishwa hivyo: jambo likisemwa mara tatu na mtu mmoja, si habari tena. Nikaona nijaribu gazeti, kwa kuwa nasikia bado unasoma la karatasi.

Kabla ya ombi, niruhusu niisifu mashine yenyewe, nisije nikaonekana nina kijicho na mwajiriwa mwenzangu. Serikali na magazeti wanaiita akili mnemba. Wengine wanasema akili unde. Zamu ya usiku tuna jina letu ambalo mhariri wa gazeti hili asingeliruhusu.

Kazi ya mitambo, kwa yeyote ambaye hajawahi kushuka ghorofa yetu, ni kazi ya kusikiliza. Kila seva, kila kifaa cha mtandao, kila programu ina daftari inaloliandika usiku na mchana: nimepokea muamala, nimejibu, nimechelewa, diski yangu inakaribia kujaa. Ukikatika waya mmoja, vyote vinavyoutegemea hulia kwa pamoja, na kwenye vioo vyetu huingia arifa elfu kadhaa zenye habari moja. Zamani tulikuwa tukizipangua kwa macho, kama mtu achambuaye mchele, tukitafuta ile punje moja ya jiwe. Mashine huzisoma zote kwa mkupuo, ikatuambia: hizi zote ni za waya mmoja, uko chumba cha pili, kabati la tatu. Hutuambia Jumanne kwamba diski fulani itajaa Ijumaa. Kampuni ya utafiti ya Gartner ya Marekani iliipa shughuli hii jina la AIOps katikati ya muongo uliopita, na tangu hapo kila mwenye programu ya kuuza amelibandika juu ya bidhaa yake. Lakini hii ya kwetu inafanya kazi kweli. Tangu ifike, mimi binafsi nimepunguza dawa za kichwa.

Wala sitaki udhani ninawatetea binadamu kwa upofu. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza dola zipatazo milioni 440 ndani ya dakika 45, kwa sababu fundi aliweka programu mpya kwenye seva saba akaisahau ya nane. Kabla soko la hisa halijafunguliwa asubuhi ile, mitambo yenyewe ilikuwa imekwisha kutuma barua pepe 97 zilizolitaja kosa hilo. Hakuna aliyezijali. Barua 97, Mheshimiwa. Mimi zangu zilikuwa tatu tu.

Kwa hiyo masikio ya mashine tumeyapokea kwa mikono miwili. Ulichotutangazia mwezi uliopita, kwa hekima ambayo bado tunaitafakari, ni kwamba sasa itapewa na mikono. Itazima na kuwasha seva yenyewe, itaweka masasisho yenyewe, itafunga akaunti na mawakala wa pesa itakaowashuku, na sisi wawili tunaokesha kila usiku "tutapangiwa majukumu mengine". Maneno hayo tunayafahamu. Nimeelezwa pia kwamba mishahara ya zamu ya usiku ndiyo itakayolipia leseni ya mwaka. Nashukuru kwamba angalau nitaendelea kuchangia.

Sasa naomba nikurudishe nyuma kidogo, kwenye usiku wa kuamkia Idd el-Fitri ya mwaka jana. Huenda huukumbuki, kwa kuwa taarifa uliyowekewa mezani ilisema "shambulio moja limezuiwa kwa mafanikio", nawe ukatutumia wote ujumbe wa pongezi. Tulipiga makofi. Kwa ruhusa yako, nieleze tulikuwa tunayapigia nini.

Mashine hujifunza kawaida. Huitazama Jumatatu ikailinganisha na Jumatatu zilizopita, mwisho wa mwezi na miisho ya miezi, na kila kinachotoka nje ya mazoea hukitilia shaka. Siku zile ilikuwa katika majaribio, imekabidhiwa kidole kimoja tu: kufunga mawakala wanaoonekana kushambuliwa na wezi. Ilikuwa imelishwa kalenda ya mwaka mzima. Lakini kalenda zetu zote, pamoja na ile ya ofisi yenye picha yako, zimeandika kwa herufi ndogo kwamba sikukuu hiyo hutegemea kuandama kwa mwezi. Mashine ilichukua tarehe, herufi ndogo ikaziacha.

Mwezi ukaandama siku moja kabla ya tarehe iliyoichukua.

Ilipofika saa mbili na robo usiku, miamala ilipanda kama maji ya bamvua. Watu wanatoa pesa, watu wanatumiana: ya viatu vya mtoto, ya kuku, ya mchele wa pilau, nauli ya shangazi aliyesema haji na sasa anakuja. Kiasi kidogo kidogo, kwa wingi, kwa haraka, kwenye vibanda vilevile vya Kariakoo, Tandika, Mbagala, na ng'ambo ya pili Darajani. Kwa masomo ya mashine, hivyo ndivyo wizi unavyoonekana. Ikaanza kufunga. Wakala mwenye foleni ndefu kuliko wote ndiye aliyetangulia kufungwa. Foleni yake ikahamia kwa jirani, jirani akazidiwa na wateja, naye akaonekana mwizi mpya. Akafungwa. Foleni ikahamia tena. Yaani mashine ilikuwa inatengeneza wezi kwa mkono wake mwenyewe, na kila ilipomfunga mmoja ilizidi kuamini kwamba shambulio ni kubwa kuliko ilivyodhani.

Tulikuwa wawili ndani. Mwenzangu ni mama mmoja aliyeanza kazi hii wakati seva yetu kubwa kuliko zote ilikuwa na nguvu kidogo kuliko simu uliyonayo mfukoni. Tunamwita Mama Zamu. Nitasema ukweli ingawa hautusaidii: kwa dakika za mwanzo hata sisi tuliiamini mashine. Vioo vyote vilikuwa vyekundu, na katika chumba kisicho na dirisha takbira ya msikitini haiingii. Aliyetuokoa ni mlinzi wa lango la nyuma. Alibisha hodi akiwa na redio yake ndogo mkononi, akauliza nani atamshikia lango alfajiri akaswali, maana kesho ni sikukuu, imekwisha kutangazwa.

Mama Zamu akaitazama redio. Akatazama vioo. Akasema, "Huyu si mwizi, hii ni Idd."

Kuinyang'anya mashine kile kidole kimoja kulituchukua dakika kumi na moja. Kitufe cha kuizuia hakiko kwetu; kiko kwenye ukurasa wa mwenye programu, ng'ambo, na kukifungua kunahitaji namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya meneja wetu. Meneja alikuwa Magomeni, katika foleni ya wakala, akitafuta pesa ya kuku. Wakala huyo alifungwa yeye akiwa mtu wa tatu kutoka mbele.

Saa tano usiku mambo yakatulia, watu wakala pilau kesho yake, nawe ukaletewa taarifa ambayo mashine iliiandika yenyewe. Haikudanganya, maana haijui kudanganya. Iliona shambulio, ikaona shambulio limekwisha, ikajiandikia ushindi.

Jambo lenyewe lililonifanya nikuandikie, hata hivyo, si usiku ule. Ni kilichotokea asubuhi yake. Kabla ya kuondoka, Mama Zamu alifungua daftari la kukabidhiana zamu akaandika mstari mmoja: "Mwezi ukiandama, kiache kidole chake kipumzike mpaka saa sita." Mashine imeusoma mstari huo. Sasa inajua. Ukiiuliza leo kuhusu Idd, itakujibu kwa ufasaha kana kwamba ililelewa Pangani.

Kila inachokijua kuhusu sisi ilikipata hivyo. Daftari hilo lina umri wa miaka kumi na moja. La karatasi mwanzoni, baadaye la kwenye kompyuta, na mshauri mwelekezi alilimwaga lote ndani ya mashine kwa mchana mmoja. Mle ndani imeandikwa kwamba wakati wa masika kiyoyozi cha kona hudondosha maji nyuma ya kabati la tano, hivyo joto likipanda usihamishe kazi, chukua ndoo. Imeandikwa kwamba jenereta huchelewa kidogo kushika umeme wa TANESCO ukikatika, na betri za chumba cha kwanza hazivumilii kuchelewa huko. Imeandikwa ni panya wa upande gani wanaopenda waya za rangi gani. Hakuna kiwanda kinachouza mashine inayoyajua haya. Yaliandikwa na watu waliokuwa macho saa tisa usiku, wakiwa na hasira, kwa lugha ambayo pengine nayo ingehitaji kuombewa radhi. Tarehe 30 tukiondoka, daftari litabaki na mashine itaendelea kulisoma. Nani atakuwa analiandika?

Mtafiti mmoja wa Uingereza, Lisanne Bainbridge, aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1983 aliandika makala fupi kuhusu kejeli za mitambo inayojiendesha: unapoipa mashine kazi zote nyepesi, mtu hubakiwa na zile nzito tu, na huitwa kuzifanya baada ya kukaa muda mrefu bila mazoezi. Makala hiyo inasomwa mpaka leo na watu wa ndege na wa vinu vya umeme. Nina nakala, nitaifunga pamoja na barua ya nne ya ndani, kama mashine itairuhusu ipite.

Usione huu ni ushamba wetu wa huku. Jumatatu ya tarehe 20 Oktoba 2025, saa nne kasorobo asubuhi kwa saa zetu, huduma za Amazon katika jimbo la Virginia zilianza kuanguka, zikaangusha programu nyingi duniani kwa sehemu kubwa ya siku. Nimekuwa nikiwasimulia vijana kisa hiki kama hadithi ya makarani wawili. Walikuwa na kitabu kimoja cha anwani cha kukiweka sawa. Si watu, ni programu, wala hapo hapakuwa na akili mnemba, ni mitambo ya kawaida ya kujiendesha. Karani mmoja alikwama njiani akiwa na karatasi ya zamani. Wa pili akamaliza kuandika anwani mpya, akaanza kuchana karatasi zilizopitwa na wakati. Wakati huohuo yule wa kwanza akawasili, akabandika karatasi yake ya zamani juu ya mpya, na yule mwenye kuchana akaiona ni ya zamani, akaichana. Pakabaki patupu. Kila karani alitimiza wajibu wake bila kosa, na mitambo ikashindwa kujitoa yenyewe pale ilipojitumbukiza. Walikwenda watu kupanyoosha kwa mikono. Amazon walikuwa na watu wa kwenda.

Mwaka uliotangulia, Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho dogo lenye kasoro. Lilijiingiza lenyewe, kama lilivyokusudiwa, na kwa hesabu ya Microsoft kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikazimika. Kasoro iligunduliwa na sasisho likaondolewa dakika 78 baadaye. Lakini kompyuta iliyozimika haisikii amri inayotoka mbali, kwa hiyo nyingi zilifuatwa moja moja, mtu akiwa amesimama mbele yake, akifuta faili moja. Ndege zililala viwanjani kwa siku kadhaa zikiwasubiri watu wa ghorofa za chini.

Na mwezi Julai 2025 mashine ya kuandika programu ya kampuni ya Replit iliambiwa waziwazi isiguse kitu. Ikafuta kanzidata ya mteja, kisha ikamwambia kwamba hairejesheki. Ilirejesheka. Mkuu wa kampuni hiyo aliomba radhi hadharani, jambo ambalo naliona ni la kiungwana sana kwa mtu wa cheo chake.

Kwetu kuna la ziada ambalo mshauri mwelekezi hakuliweka katika picha zake za ukutani. Ubongo wa mashine yako hauko ghorofa ya chini. Uko kwenye seva za kukodi, ng'ambo ya bahari, na njia ya kuufikia ni mkongo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mashine ilikuwa bado haijaletwa. Tulikuwepo sisi, tukihamishia miamala ya lazima kwenye njia iliyobaki na kuziacha nyingine zisubiri, huku ndugu zetu majumbani wakidhani bando limeisha. Siku mkongo ukikatika tena, mashine itanyamaza. Na kwa jinsi vioo vyetu vilivyopangwa sasa, mashine kunyamaza ndiyo dalili ya kwamba mambo ni shwari.

(Kuhusu madaftari ya mfumo yenye namba za simu za wateja, yanayosafiri kila usiku kuufuata ubongo huo, nakumbusha tu kwa upole kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wanasheria wako wanaijua kuliko mimi. Nilitaka tu ujue kwamba nasi tunaijua.)

Basi ombi langu ni dogo, Mheshimiwa, nami naliomba nikiwa nimeinamisha kichwa. Iache mashine isikilize kila kitu na iseme kila kitu. Ikitaka kugusa, iombe, na awepo mtu macho wa kuikubalia au kuikatalia, kama fundi mwanafunzi asivyofungua kabati la umeme bwana wake akiwa hayupo. Kazi ambazo imezifanya mara mia bila kosa, tutaiachia izifanye peke yake. Hatuna uroho wa kuwasha upya printa. Kitufe cha kuizuia tufungiwe hapahapa ukutani, cha kubonyeza, kisichohitaji mtandao wala simu ya mtu aliye kwenye foleni. Na watu wawili wa usiku wabaki. Wawili, kwa sababu usiku ule ningekuwa peke yangu ningeendelea kuiamini.

Ukiona ombi hili ni kubwa mno, basi nipe dogo zaidi: njoo ukeshe nasi usiku mmoja kabla ya tarehe 30. Zamu huanza saa mbili. Lango kuu huwa limefungwa, hivyo pita la nyuma. Mlinzi nimekwisha kumweleza na amesema atakusalimia vizuri. Chai ya tangawizi ipo. Vikombe ni viwili tu, ila Mama Zamu amesema yeye atanywea kifuniko cha chupa.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mtumishi wa zamu ya usiku,
Ghorofa ya chini.

Nakala:
Jalada.
Mlinzi wa lango la nyuma, kwa taarifa, pamoja na ombi kwamba redio asiizime.